Nimeificha diski ya seva nyumbani, sasa naitwa mwizi

Admin samahani sana. Uliniambia niandike tangu siku ile nilipokugusia inbox, ukaona kimya. Huu ujumbe nimeuanza mara nyingi. Mtoto anaamka, namnyonyesha, nasinzia na simu mkononi. Leo namaliza. Naomba ufiche jina langu na la kituo. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni dada wa miaka ishirini, naishi wilaya ya Serengeti. Nina mtoto mmoja wa kiume, bado ananyonya. Shule niliiacha kidato cha tatu kwa ajili ya ujauzito wake. Baba yake alikuja huku kwenye dhahabu, akahamia machimbo mengine, simu yangu hapokei. Huyo nilishamaliza kumlilia, sijaandika kwa ajili yake.

Hapa kuna kituo kinachosomesha mabinti wenye watoto, ili tufanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa binafsi. Mimi pia nafagia pale asubuhi, kwa hiyo ufunguo wa darasa la kompyuta nakaa nao. Mwaka jana tulikuwa na mwalimu kijana wa hesabu na sayansi. Aliona tunavyokosa vipindi, leo homa ya mtoto, kesho maji hayatoki tumekwenda kuchota mbali. Akawa anarekodi kila kipindi kwa video na kuweka kwenye seva ya kituo, ukija saa yoyote unafungua bila bando. Kwenye zile video watoto wetu wanasikika wanalia nyuma. Mwalimu anaweka chaki chini, anasema, "Mnyonyeshe kwanza, tunakusubiri." Jamani, tangu nizaliwe sijawahi kusimamishiwa kitu ili na mimi nielewe. Hesabu za logi zilinishinda shuleni nikapigwa, hapa nimezielewa kwa kurudia na kurudia, mtoto yuko kwenye ziwa.

Mkataba wake uliisha akarudi kwao Kigoma. Ndani ya ile seva aliacha diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine ibaki. Basi umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, seva ikagoma kuwaka. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi.

Msimamizi wetu akaita fundi kutoka Tarime. Akafungua, akachomoa waya wa diski kwa nguvu mpaka kichwa cha waya kikavunjika, akasema, "Hii diski imekufa, sikia inavyogonga."

"Na hii nyingine?" nikauliza.

"Inazunguka lakini haiwashi mashine. Hawa ni pacha, dada. Mmoja akienda, huyu anabaki wa nini?"

Wakacheka. Msimamizi akasema, "Futa hiyo, weka Windows. Wageni wanaotufadhili wanakuja, wakute mashine inawaka."

"Na masomo yetu?" nikamuuliza.

"Masomo yamejaa mtandaoni."

"Mtandaoni kunataka bando."

"Na la kuweka picha status unalipata wapi?"

Fundi alisema atarudi kesho yake na vifaa vyake. Jioni nikampigia mwalimu wa Kigoma. Alishtuka mpaka nikamhurumia. Akaniambia kosa ni lake, kile kipande cha programu cha kuwashia mashine alikiweka kwenye diski ya kwanza tu, ile iliyokufa. Video zenyewe ziko kwenye zote mbili. Hii iliyobaki ni nzima, imekosa tu kitu cha kuianzisha, na anaweza kunielekeza kwa simu kukirudisha. Nakala nyingine hana, laptop yake iliibiwa safarini. "Chonde mdogo wangu," akasema, "isifutwe."

Asubuhi nilipokwenda kufagia nikaifungua parafujo, nikaizungushia kanga ya mtoto nikaenda nayo nyumbani.

Fundi alipokuja akakuta nafasi tupu. Msimamizi akauliza nani kachukua. Nikasema mimi. Nikamweleza yote aliyosema mwalimu. Hakutaka kusikia. "Unaiba mali ya kituo halafu unanifundisha kompyuta? Irudishe kabla ya wageni, la sivyo jina lako silipeleki kwenye mtihani." Ufunguo akaninyang'anya palepale.

Mama yangu analia. "Shule ulishaiacha mara moja, mwanangu. Rudisha hicho kichuma tulale." Na wenzangu wamegawanyika. Mmoja ninayemwamini sana aliniambia, "Wageni wakikuta mashine imekufa wakatuacha, hizo video utatuonyeshea wapi? Kwenye sufuria?" Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikiirudisha, itafutwa, na sisi ambao hatuna uwezo wa tuisheni tutafanya mtihani kwa kubahatisha. Nikikaa nayo, mtihani sifanyi, na pengine nimewaponza wote. Nimechoka, ndugu zangu. Hata kukasirika nimechoka.

Nimempelekea msimamizi ujumbe wa heshima: nikipata diski nyingine, fundi aweke hiyo Windows yake humo wageni waone, wakiondoka tuiandikie masomo, turudi kuwa na mbili. Amejibu, "Ilete basi hiyo diski nyingine, tuone."

Ndiyo maana nawaandikia. Mnaojua haya mambo, mnanishauri nini, nirudishe au nishikilie? Na kama mko tayari kusaidia, pesa msitume, nisije nikasemwa na hilo. Mpitie kwa Admin, tumeni hivi: diski moja ya terabaiti moja au kubwa zaidi, isiwe ndogo, hata iliyotumika mradi nzima. Waya mmoja wa data wa diski, ule uliovunjwa. Kifaa cha kuunganishia diski kwenye laptop kwa USB, maana mwalimu wa Kigoma amesema ninakili video kwanza kabla ya kugusa chochote. Flash moja yenye Linux inayowaka yenyewe, ya kurudishia kile kipande cha kuwashia. Na laptop ya kuazima, ya siku mbili tu, kwa mtu aliye Mugumu au Tarime ambaye hataogopa kuikabidhi kwa mtu anayeitwa mwizi.