Kevo Asiyetoa Jasho

Najua stori hii inanifanya nionekane fala, kwa hivyo cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Lakini ilitokea, tena mchana kweupe.

Mimi na Kevo tumetoka kijiji kimoja, tunalala chumba kimoja Darsait, hapa Muscat, tunapuliza rangi magari karakana moja kule Ghala. Rangi imeshaniharibu kifua. Nikikohoa usiku, majirani wanagonga ukuta. Sasa mudiri, yaani bosi wetu, ana shamba Seeb lenye dimbwi, na humo ameweka samaki wa kigeni wenye doa mkiani kama jicho la tausi. Mmoja amekuwa jitu, anameza wenzake. Mudiri akasema, "Kati yenu wawili, atakayemtoa huyo, namhamishia shambani achunge dimbwi." Hewa safi! Nilikohoa kwa furaha.

Ijumaa ya kwanza mimi nilikuwa kanisani, maana huku ibada yetu ni Ijumaa, Kevo akaenda peke yake. Akarudi na matope hadi shingoni, ndala moja tu mguuni, na wiki nzima hakunisemesha. Nikamwambia, "Buda, kwani samaki alikuoa?" Akageukia ukuta. Nikadhani ni hasira za kushindwa. Ijumaa iliyofuata akasema tumbo linamuuma, nikaenda mimi.

Nilifika watu wa shamba wakiwa wameenda sala. Dimbwi lenyewe ni la magoti, majani yamejaa kama shamba la sukuma wiki. Pahali kama hapo ukitupa chambo chenye ndoano nje nje, utavua mboga. Nikafunga kwenye mshipi chura wa mpira, ndoano zimelala mgongoni, anateleza juu ya majani bila kunasa. Kutupa mara ya kwanza tu, lile jitu likamrukia, likamkosa. Moyo wangu pia ukaruka.

"Toa hicho kichura, wewe."

Kugeuka, ni Kevo. Tisheti yake ya kijani, sauti yake, hata ile tabia yake ya kujikuna chini ya sikio.

"Si unaumwa tumbo?"

"Limepoa. Weka kile chambo cha kisamaki cha kung'aa. Huyo mkubwa anataka kitu king'ae."

Kisamaki hicho kina ndoano tatu tatu chini, zote wazi. Hata mtoto angekataa. Lakini Kevo ndiye alinifundisha kuvua, wewe ungembishia? Nikafunga, nikatupa, kikanasa palepale kwenye majani.

"Ingia ukitoe, si ni maji ya magoti?"

Nikaingia. Hatua mbili, tope likanimeza hadi kifuani. "Kevo, mkono!" Akasimama tu, anatabasamu. Ndipo nikamwangalia vizuri. Mchana wa Julai, Muscat, hata kuta zinataka kutoa jasho, na yeye hana hata tone. Na pale alipokuwa akijikuna palikuwa na doa jeusi lenye duara la dhahabu, kama lile la mkiani mwa samaki. Doa likapepesa.

Nililia, niamini. Wala sikulilia kifo. Niliumia kwamba anayeniangalia nikizama ana uso wa rafiki yangu.

Aliyenitoa ni Mbangladeshi wa shamba, akitoka msikitini, kwa mpira wa kumwagilia miti. "Sadiki, inta majnun? Rafiki, wewe kichaa? Unaita nani?" Ukingoni hapakuwa na mtu, kwa hivyo hata mimi ningejiita kichaa. Lakini mguu wangu ulitoka kwenye tope na ndala imenasa vidoleni. Ya Kevo.

Yule samaki bado yuko, na mimi bado napuliza rangi na kukohoa. Kazi ya shamba haina mwenyewe. Siku hizi rafiki akinipa ushauri, kwanza namwangalia kwapa kama limelowa. Nawe fanya hivyo, hata kama unanicheka.

Na mimi na Kevo? Bado tunalala chumba kimoja, kila mtu ameangalia ukuta wake. Jioni ile nilimrushia ndala yake, nikamuuliza mbona hakunionya. Akaishika, akaigeuza, hakuniangalia.

"Wiki ile na mimi niliita, nikaomba mkono," akasema. "Aliyesimama pale akitabasamu ulikuwa wewe. Ndiyo maana leo nilikuacha uende."