Siku Mgomo Wetu Ulipogeuka Ngoma

Katikati ya mgomo wa wauguzi, mbele ya daktari mkuu wa jimbo, wa kwanza kuinuka na kucheza ngoma nilikuwa mimi, na kofia yangu nyeupe ikaruka ikatua kwenye bakuli la uji la mgonjwa. (Chekeni tu, nimezoea.)

Enzi zile za ukoloni, katika hospitali yetu kule Makueni, tulikuwa tumesomea kazi, tukafaulu, tukavishwa kofia, na bado tukaitwa yaya na kulipwa kama yaya. Kwa hiyo Mbula, mkubwa wetu wodini, akapanga: siku ya kutembelewa na daktari mkuu, wawili wabaki na wagonjwa mahututi, sisi wengine tuketi nyasini kimya mpaka atuulize tunataka nini, naye Mbula atamjibu.

Siku moja kabla, nikakutana langoni na Mama Ndinda, muuza maziwa. Ningemwambia kwa Kikamba yangekwisha, lakini mimi na kofia yangu tukachagua Kiswahili cha mjini.

"Kesho wauguzi tuna mgomo, mama."

"Hiyo ngoma, mwana wakwa, watu wa kijijini kwetu Kilungu wanaweza kuja?"

(Nikadhani ni Kiswahili chake tu kimevunjika.) "Waje wote," nikamwambia, "watuunge mkono!"

Wakaja. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umevilalia vilima, nasi tumeketi kwenye umande kama ndege weupe, yangeyange, daktari mkuu anashuka garini, mara ngoma ikasikika mbali, laini kama moyo wa mtu aliyelala, ikasogea, wanawake wakachomoza ukunguni na filimbi midomoni, wagonjwa wakatoka na blanketi zao, nami nikawa sijui niko hospitalini au uani kwa nyanya yangu, mabega yakaanza yenyewe, kisha miguu.

"Syombua, keti!" Mbula akanifokea kwa kunong'ona. "Keti, wewe!"

Sikuketi mpaka kofia iliporuka.

Daktari mkuu akapiga makofi. "Asante sana, yaya wote! Karibisha mzuri sana!" Mbula akafungua kinywa, ngoma ikammeza sauti, na gari likaondoka.

Tangu hapo habari nzito naitoa kwa Kikamba, tena nikishavua kofia. Lakini Mbula bado huniuliza: yule bwana hakujua kweli kwamba tumegoma, au alijua, akaona ni nafuu apige makofi?