Kibuyu cha Sauti ya Bibi

Nilipokuwa mtoto nilituhumiwa kuiba kitu ambacho hata mgambo wa kijiji wasingejua wakitafute wapi: sauti ya bibi yangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Misungwi, nyumba zimepangwa mstari na ziwa unaliona ukisimama mlangoni. Asubuhi ikigongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa pale ofisini, watu wote wanakwenda shamba la kijiji kulima pamba. Tulilima kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, mstari mzima unaitikia, majembe yanashuka pamoja. Kwa wanawake mwanzishaji alikuwa Bibi, mama yake mama yangu, aliyenilea. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, kali. Wavuvi walisema wanaisikia wakiwa majini. Sijui kama ni kweli, lakini walisema.

Msimu ule sauti ikaanza kumshuka. Akifika pale juu inakatika, anakohoa, mstari unapoteana, majembe yanaanguka ovyo. Na mimi, mwaka huohuo, yangu ikafunguka. Nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu alinipa kuongoza nyimbo za mchakamchaka, na watu wakawa wanageuka njiani: "Hee! Huyo si bibi yake kabisa?"

Jirani yetu Mama Kulwa hakulinyamazia. Tulikutana ziwani kuchota maji, akanisema mbele ya wanawake wote.

"Nyumba moja haibebi sauti mbili za namna moja. Unamla bibi yako, Kabula. Ikimwisha yote, na yeye anaondoka."

"Muongo wewe!" nikamjibu.

Mtoto kumwita mtu mzima muongo! Nilichapwa, kisha nikapelekwa kwake kumwamkia na kumwomba radhi. Shikamoo nilitoa. Radhi sikuomba. Ila usiku ule sikulala vizuri, maana hasira ilipopoa nilibaki na maneno yake, na Bibi alikuwa akikohoa chumba cha pili.

Dawa yake wanawake waliijua wote, nami niliisikia kwao. Aliyekula sauti anachota maji ya ziwa alfajiri, kabla hajaongea na mtu. Anaiimba ile sauti ndani ya kibuyu, anaziba, anampelekea mwenyewe anywe. Mwenyewe akinywa inarudi kwake, na mtoto habaki nayo. Nilikubali. Ningebaki bubu, lakini Bibi abaki. Tena katibu wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu atachaguliwa mwanzishaji mwingine, na nilimwona Bibi alivyopokea habari ile: alikaa na jembe mapajani, analifuta udongo ambao haukuwepo.

Jumatatu alfajiri nikashuka ziwani. Niliimba wimbo mzima mdomo ukiwa kwenye kibuyu, sikubakiza hata ubeti mmoja, nikaziba kwa gunzi la mahindi. Wakati wa kurudi nikampita Babu mlangoni bila kumwamkia.

"Siku hizi watoto wa shule hawatuoni?" akauliza. Nikapita tu, machozi yananitoka.

Bibi alikuwa anafunga khanga kiunoni.

"Nini hiki?"

"Kunywa, Bibi," nikanong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Sauti yako nimeirudisha. Imo humo."

Alinitazama. Angeweza kucheka; mimi ningecheka. Akazibua gunzi, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo.

"Wabeja, mjukuu wangu. Asante. Sasa kaa. Sauti hailiwi." Alisema kwa ile sauti yake mpya, nzito. "Nilipokuwa kama wewe niliimba kama wewe. Nilipomzaa mama yako ikanenepa kidogo, watu hawakugundua. Sasa uzazi umekoma, nayo inashuka. Ya mama yangu ilishuka hivihivi. Na babu yako je? Zamani akiita ng'ombe, watoto wanalia. Siku hizi akiita mbuzi watu wanadhani ni msichana. Yeye amekula ya nani?"

"Nasikia!" Babu akaitikia nje, kwa kasauti kembamba kweli.

Nikacheka, na katika kucheka nikaisikia yangu bado ipo.

Shambani katibu alitoa karatasi. Kabla hajataja jina, Bibi akainua jembe akaanzisha wimbo, lakini kutoka chini kabisa, huko wanakoimbia wanaume.

"Leo tumeletewa mzee wa kulima nasi!" akapiga kelele Mama Kulwa, na wanawake wakacheka.

Bibi hakukatisha. Alinigusa mgongoni kwa mpini. "Huko juu ni kwako sasa. Panda!"

Nikapanda. Yeye akashika chini, mstari ukaitikia, majembe yakashuka pamoja. Katibu akaikunja karatasi yake. Mama Kulwa, mpaka anakufa, alisimulia kwamba kile kibuyu kilifanya kazi, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Sasa niko mjini, Buzuruga, na nina wajukuu. Kwenye simu watu wasionijua wananiita baba, nami nawagombeza. Mwaka jana mwalimu wa kwaya alinihamishia kwa wanaume wa sauti ya tatu. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, nikakaa nyumbani mwezi mzima. Ndipo siku moja nikamsikia mjukuu wangu anaimba huku anaosha vyombo, anafika pale juu bila kuhangaika, pale ambapo palikuwa pangu. Niseme ukweli: niliona wivu. Na nikajua kwamba Bibi naye aliuona. Aliniangalia na kibuyu changu, akaujua, akanywa kwanza, maelezo yakafuata.

"Bibi," mtoto akaniuliza, "mbona sauti yako kama ya mwanamume?"

Nikamwambia aniletee maji. Nikayanywa yote, kisha nikauanzisha wimbo, kutoka chini.