Muvure Uliojifanya Mtumbwi

Upumbavu wangu mkubwa, mwanangu, niliuchonga kwa mikono yangu mwenyewe, nikaupaka rangi ya buluu, nikauwekea na kiti chenye mgongo. Hadi leo nakumbuka harufu ya ule mti mbichi, siku niliyousukuma majini hapa kijijini Ntoto na wakwe zangu wakinitazama kutoka ng'ambo.

Mimi ni mtoto wa Karuba, wajua. Kwetu ni vilima, maharage na ng'ombe. Maji tuliyoyajua ni ya ndoo na ya mvua. Tena sikuwa mtu wa safari: raha yangu ni mekoni na kiti changu. Lakini mapenzi hayaulizi barabara, nikaoa huku kwenye misitu ya Walikale. Mama yako alikwenda kumzaa kaka yako Bahati kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Siku za kurudi zilipofika, akanitumia neno: "Sivuke mu mutumbwi ya kuomba-omba. Bwana yangu anichukue mu yake, ao nibakie kwa mama."

Wakwe wakacheka. Mimi nikachukua shoka.

Baba mkwe alitaka kunionyesha. Nikamwambia asijisumbue, kuchonga nakujua. Na kweli nilikujua, ila nilichokijua ni muvure, lile gogo tunalolichimba kule kilimani la kukamulia ndizi za kasiksi, pombe yetu. Nikachonga nilivyozoea: fupi, nene, butu huku na huku, kama vile wasafiri ni ndizi. Kisha nikauhurumia mgongo wangu, nikapigilia kiti kirefu katikati, nikapanda juu kama shefu wa kijiji kwenye sherehe.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika kwa kichwa. Chombo kilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta pa kulala, kikainama, kikanimwaga. Nilipoibuka nikasikia sauti kutoka ng'ambo: "Papa Bahati, mutoto hataingia mu hiyo kitu!" Mama yako akageuka, mtoto mgongoni, akarudi kwa mama yake. Mto wenyewe si mpana, lakini mwanangu, sijawahi kuona mgongo wa mtu uliokwenda mbali vile.

Nikavuka kwa mtumbwi wa kuomba, nguo zikichuruzika, nikamwambia baba mkwe, "Papa, nifundishe." Hakunicheka. (Aliyecheka ni mama mkwe, tena hajamaliza hadi leo.) Tukatafuta gogo lingine, refu, lililonyooka. Akasema, "Mutumbwi unaugonga, unausikiliza. Kama unajibu na sauti nzito, iko bado nene." Nikachonga, nikagonga, nikasikiliza. Nilipouliza habari ya kiti, akanijibu, "Piga magoti." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na changu kilikuwa ng'ambo. Nikajifunza kupiga kafi kwenye maji ya kiunoni kwanza, nikianguka, nikiamka, watoto wakinishangilia.

Siku niliyofika kumchukua, mama yako aliyatazama magoti yangu yaliyochubuka, akaingia, akakaa chini kabisa na Bahati kifuani. Kati ya mto akasema tu, "Usitetemeke, Papa Bahati. Mutoto analala."

Sasa wewe umenionyesha kwenye simu mtumbwi unaotaka kuchonga, wenye kiti, kivuli na mahali pa redio. Mapambo sikukatazi, damu yangu naijua. Ila kwanza chonga kitakachoelea, mengine yatafuata. Ujuzi wa kwenu usiuonee haya, lakini usiulazimishe kwenye maji ya wenyewe. Kuuliza si ujinga. Kaa chini. Na kabla hujampakia unayempenda, loa kwanza peke yako.

Mungu akupe gogo lisilo na ufa, mto wenye upole, na mtu wa kukungoja ng'ambo.

Unaweza kuyasahau haya yote, lakini jirani yetu Mama Kahindo hutamsahau. Ndiye aliyeuchukua ule muvure wangu, akaukamulia kasiksi miaka yote hii. Ulimsikia mwenyewe jana alipopita hapa na kukuona unanoa shoka: "We kijana, chonga mbio, ukosee sawa na papa yako. Muvure yangu imepasuka, na ndizi zimeiva."