Mstari Uliofutwa Adhuhuri

Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na nane mke wangu Mwanakheri alikaanga mahamri, akafunga manne kwenye gazeti.

"Yote hayo ya Pascalia?" nikamuuliza. "Na mimi nile moshi?"

"Baba Dhahabu, wewe una mke. Yule ana mimi tu."

Akatoka kwenda kazini Bombolulu. Hatukupata tena asubuhi kama ile.

Mke wangu aliingia ofisi hiyo mwaka themanini na nne, mpiga taipu. Kompyuta zilipokuja, akajifunza. Walikuwa wakitengenezea mahoteli vifurushi vya programu. Mimi ni mwashi, sikusoma. Alinieleza hivi: programu ya seva, ile inayotoa kurasa za mtandao, haiamki mpaka nyingine ziwe zimetangulia, kama ukuta na msingi wake. Orodha ya kipi kinahitaji kipi aliishika yeye. Kompyuta huisoma, hukusanya vyote, hufunga kifurushi. Kikikosekana kimoja, haifungi.

Pascalia, msichana wa ofisini mwao, alifundishwa na yeye, tangu kushika kipanya.

Kila adhuhuri Mwanakheri alitandika mswala pembeni ya chumba, akiiacha kompyuta wazi kwa jina lake ili Pascalia aendelee. Ndivyo walivyozoea. Siku hiyo kifurushi cha hoteli moja ya Shanzu kikagoma, programu moja haikupatikana. Mstari wake ukafutwa kwenye orodha, kikafunga. Kilipojaribiwa ofisini kikafanya kazi, maana kompyuta ya pale ilikuwa nayo programu hiyo tangu zamani. Ya Shanzu haikuwa nayo. Seva haikuamka.

Mkubwa wao akatazama: mstari umefutwa saa saba na dakika kumi, jina Mwanakheri. Akamuuliza Pascalia. Pascalia akainama, asiseme kitu. Mke wangu akafukuzwa, baada ya miaka kumi na minne.

Mwaka uliofuata akafariki. Siku ya tatu ya matanga Pascalia akanifuata barazani.

"Shikamoo, baba. Ule mstari niliufuta mimi. Niliogopa."

"Na mahamri yake ulikuwa ukila."

"Nilikula, baba."

Sikumwambia nimemsamehe. Mpaka leo sijamwambia.

Siku aliyofukuzwa, Mwanakheri alirudi na mswala wake kwapani. Hakulia. Alikaa kizingitini, akasema:

"Baba Dhahabu, saa hiyo mimi nilikuwa nimesujudu. Na aliyeniona ni Pascalia peke yake."