Wimbo Kaka Aliokataa Kuutubia

Kanisa letu linakodi ukumbi wa shule karibu na soko la Woolwich, hapa Landani. Jumapili asubuhi tunapanga viti, tunavuta pazia mbele ya michoro ya watoto, tunafunga spika, na ukumbi unakuwa nyumba ya Mungu mpaka mchana. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo. Alipiga kama wanavyopiga kwetu Kongo, vidole vikikimbia juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, na akina mama wakitoka kwenye viti na vitambaa vyao mkononi. Mama yetu hakutoka. Yeye alikaa akimwangalia tu. Ibada ikiisha watu walimwambia, "Mama Solo, leo mtoto wako ametumaliza," naye alijibu, "Ni Mungu," akiinama ili wasione jinsi anavyocheka.

Nimeanza na hilo ili ijulikane kwamba mama hakuwahi kuchukia gitaa.

Kaka alikuwa anaosha mabasi kwenye gereji. Huko alikuwa na mwenzake wa kazi, mzee Mzungu mwenye nywele ndefu nyeupe alizozifunga nyuma kwa raba. Mzee yule alipenda roki ngumu ya zamani, ya ujana wake, na siku moja alimpa kaka mfuko wa plastiki umejaa sidii. Kaka aliuleta nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Mimi niliziogopa. Kwenye majalada kulikuwa na misalaba, makaburi, moshi, malaika mwenye mabawa yaliyoungua. Nilizigeuza zote kifudifudi juu ya kitanda chake.

"Unaogopa karatasi?" kaka akacheka.

"Mama akiona?"

"Mama akiona atauliza. Ukiuliza unajibiwa. Kaa hapa."

Akanipa spika moja ya sikioni, akabaki na nyingine. Kwetu gitaa linaongea mfululizo, kama mtu aliyetoka safari na ana habari nyingi. Gitaa hili lilisema neno moja zito, likanyamaza, likalirudia. Zilikuwa sauti chache tu, kwenye nyuzi nene, zikikwaruza kama kabati linaloburutwa sakafuni. Kaka alisema kipande kama hicho kinaitwa rifu, na kwamba wimbo mzima unasimama juu yake.

"Sikiliza," alisema. "Hawaongezi kitu. Wanarudia mpaka ukubali."

Mwanzoni kilinikera. Baadaye nilijikuta nafagia kwa mwendo wake ofisini ninakofanya usafi. Sikuyaelewa maneno. Niliacha shule darasa la sita, kambini Uganda, na Kiingereza changu ni cha majina ya sabuni na siku za wiki. Kaka ndiye aliyenifasiria. Alikaa kwenye kitanda, gitaa halijachomekwa kwenye umeme, akapiga rifu taratibu na kuniambia maneno kwa Kiswahili katikati. Nilishangaa. Nilidhani watasema wanampenda shetani. Hawa walikuwa wanaogopa. Walizungumza habari ya hukumu, ya wakubwa wanaotuma vijana vitani kisha wanapiga magoti, ya mtu ambaye hajui kama atapokelewa. Walimtaja Mungu mara nyingi kuliko kwaya yetu.

Wimbo ambao kaka aliupenda zaidi ulihusu mwanajeshi aliyelala kwenye matope, anakufa. Hamwombi Mungu amponye. Anamwuliza jambo moja tu: ulikuwa unaangalia?

Baba yetu hakuvuka mpaka. Alituvusha sisi watatu, mama akiwa na homa, akarudi kumchukua bibi, na hapo ndipo habari yake inapoishia.

"Kanisani tunaimba kwamba Mungu alituvusha," kaka aliniambia siku ile. "Ni kweli, alituvusha. Lakini huyu anauliza habari ya wale ambao hawakuvuka. Nani mwingine unamsikiaka anauliza?"

Aliupiga tena, nami nikamsikiliza.

Jumapili moja, wakati wa sadaka, kwaya iliimba wimbo wa kitabuni, ule wa polepole ambao kila mtu anaujua. Kaka alikanyaga kifaa kidogo cha miguuni kinachokwaruza sauti, akaiweka rifu ya wimbo wa mwanajeshi chini yake. Ililingana. Niko safu ya nyuma ya kwaya, kwa sababu naona haya kutazamwa, lakini nilisikia sakafu inatetemeka kwenye nyayo zangu na nikaimba kwa sauti ambayo huwa siitoi. Bibi mmoja aliacha fimbo yake kwenye kiti akacheza bila fimbo. Hata mchungaji alikuwa anatikisa kichwa.

Baada ya ibada, wakati wa chai, kijana mmoja aliyezaliwa hapa Landani alikuwa anacheka na wenzake. Aliutambua wimbo. Alimwonyesha mama yake video kwenye simu, kwa furaha, bila ubaya wowote. Mama yake aliona moto, mafuvu na wanaume wenye nywele za kike. Chai haijapoa, simu ilikuwa mikononi mwa wazee wa kanisa.

Wazee waliketi darasani, kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Mama aliitwa, na mimi nikaenda naye kwa sababu aliushika mkono wangu hakuuachia.

"Mwana wetu," mzee mmoja alimwambia kaka, "huu wimbo unataja jehanamu. Ndiyo ama hapana?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaona? Anakubali mwenyewe."

"Mzee, na wewe Jumapili iliyopita uliitaja tangu saa nne mpaka chakula kikapoa."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Mzee hakucheka. Mama aliniminya vidole mpaka vikauma. Nadhani bila jibu lile wangemwonya tu.

Mchungaji alitangaza Jumapili iliyofuata kwamba kaka ametengwa. Kwetu hilo si jambo geni. Aliyetengwa hapigi chombo, hashiriki mkate na divai, anakaa kiti cha mwisho. Akiwa tayari anasimama mbele, anatubu, wazee wanamwekea mikono, kwaya inaimba na watu wanamkumbatia. Wengi wamepita pale na leo ni mashemasi. "Msimchukie, mumwombee," mchungaji alisema. Kila mtu alijua halitachukua muda mrefu. Kanisa bila solo ni kama chai bila sukari, shemasi mmoja alimwambia kaka mlangoni, ukitubu haraka utakuwa umetuhurumia sisi.

Mama alirudi nyumbani. Alisonga bugali, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Aliandaa mezani sahani yake na yangu. Kaka alitoka chumbani akikunja mikono ya shati.

"Mama, sahani yangu?"

"Iko jikoni."

"Niilete?"

"Kula kulekule, papa," akasema, akimwita kama alivyomwita utotoni. "Mpaka haya mambo yaishe."

Kaka alidhani ni mzaha. Alinitazama mimi, nami nikatazama chumvi. Akaenda jikoni. Sahani yake ilikuwa juu ya mashine ya kufulia, imefunikwa na sahani nyingine. Tulisikia maji ya bomba, kisha hatukusikia kitu.

Baadaye mama alinieleza. Kwao milimani, alipokuwa msichana, mtu aliyetengwa na kanisa hakula na watu wa nyumbani. Mjomba wake aliwahi kutengwa kwa kuoa mke wa pili, na mama ndiye aliyempelekea sahani nyuma ya nyumba. Alisema mjomba hakuweza kuvumilia. Alitubu kabla ya mavuno, wakachinja mbuzi, na alipokula tena na watoto wake alilia. "Njaa ya chakula si kitu," mama alisema. "Njaa ya watu ndiyo inarudisha mtu."

Kwa hiyo kila jioni aliweka sahani kwenye mashine ya kufulia. Kipande kikubwa cha samaki kilikuwa cha kaka, na kitunguu alichokipenda, na pilipili pembeni. Mama mwenyewe alikuwa hali. Alimega bugali, akaufinyanga kwenye vidole mpaka ukapoa, akaurudisha. Mimi niliyaona yote mawili, sahani ya kule na mkono wa huku. Kaka aliona mashine ya kufulia tu.

Nilimfuata chumbani nikamwambia ni desturi ya kwao, ya zamani, asiiweke moyoni.

"Najua ni desturi," alisema. Alikuwa anafuta gitaa kwa fulana. "Mzee anaweza kunifukuza mbele ya kanisa zima, nikalala usingizi. Huyu ni mama."

"Basi tubu. Sema tu maneno, yaishe."

"Nitubu nini? Kwamba nimeuliza baba yuko wapi?"

Hata hivyo Jumapili alisimama mbele. Alifanya hivyo kwa ajili ya mama, hilo nina hakika. Alivaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi, na mama alivaa kitenge cha sikukuu. Kabla hatujatoka alikuwa ametoa kuku kwenye friza. Meza ilikuwa tayari na sahani tatu.

Mchungaji alimpa kaka maikrofoni. "Je, unautubia wimbo ule mbele za Mungu na kanisa lake?"

Kaka akaanza kuusema wimbo wenyewe. Hakuimba. Aliyasema maneno ya wimbo kwa Kiswahili, polepole, kama alivyonifasiria mimi: matope, mwanajeshi, swali. Ukumbi ulikuwa na watu wa Kivu tupu, waliokimbia vita Kongo. Hakuna familia pale isiyokuwa na mtu aliyebaki njiani. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema "Amina," wengine wakageuka kumtazama, akaziba mdomo.

Mchungaji wetu si mtu mbaya. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hatukuuliza wimbo unasema nini. Tumeuliza kama unatubu."

"Hapana, Pasta. Nimejaribu tangu nyumbani. Haitoki."

Aliweka maikrofoni juu ya kiti na kupita katikati ya watu. Alipofika alipokaa mama alipunguza mwendo. Mama alikuwa ametazama mapaja yake. Angeinua macho, angemwona. Kaka akaendelea mpaka nje, na tulipofika nyumbani nguo zake hazikuwepo, wala gitaa. Kuku alikuwa bado ana barafu kwenye beseni.

Wiki ile mchungaji alikuja kutuona. Alikunywa chai, akasali, akauliza kama kaka amepiga simu. Mama akamwambia hajapiga, ila yeye mwenyewe anashika nidhamu ya kanisa vizuri, hajala naye hata siku moja tangu atengwe.

Mchungaji aliweka kikombe chini. "Hujala naye vipi?"

Mama akamweleza habari ya jikoni.

"Mama, nani alikuambia hivyo?"

"Ndiyo nidhamu, Pasta."

"Nidhamu ni ya kule ukumbini. Hapa ni kwako. Huyu ni mtoto wako, ulipaswa ule naye hata mara mbili ya zamani."

Mama alimwomba arudie. Alirudia. Mama akachukua ncha ya kitenge akajifunika uso, akakaa hivyo mpaka mgeni alipoaga, na mimi ndiye niliyemsindikiza mlangoni.

Kaka alikuwa amepanga chumba Thornton Heath. Alinitumia anwani baada ya mimi kumsumbua kwa ujumbe mwingi. Jumamosi mama alipika tangu asubuhi, tukapanda basi, tukabadilisha, tukapanda jingine, mama amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Kaka alitufungulia. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akampa kiti kimoja kilichokuwepo, akatandika jaketi lake kitandani nikae. Alikuwa amekonda shingoni. Alituambia anapiga na Wazungu watatu kwenye baa, na yule mzee wa gereji ndiye mpiga ngoma.

Mama alikuwa na maneno aliyoyaandaa. Njiani nilimwona anayasema bila sauti. Lakini alipofungua mdomo alisema tu, "Nimeleta chakula. Nilitaka tule."

"Aksanti, mama," kaka alisema. "Nimeshakula."

Ilikuwa saa saba mchana. Alisema bila hasira, kama mgeni anavyosema kwenye nyumba ya watu. Mama aliitikia kwa kichwa. Tulikunywa chai. Aliacha sufuria kwenye dirisha, na kaka alitusindikiza mpaka kituoni, akasimama mpaka basi likaondoka, mikono mifukoni.

Tulikaa ghorofa ya juu ya basi, ingawa mama huwa hapendi kukaa juu. Tulipokuwa tunakaribia kubadilisha basi aliniambia, "Nisikilizishe ule wimbo."

Nilimwekea spika za sikioni. Nilijua rifu imeanza kwa sababu kidole chake kilianza kugonga kiti cha mbele, taratibu, mahali palepale kinapogonga changu. Alisikiliza wote.

"Anasema nini?"

"Anamwuliza Mungu kama alikuwa anaangalia."

Akaniomba niurudishe mwanzo. Tulipita vituo vingi. Alipotoa spika masikioni alizikunja vizuri akaniwekea mkononi, akafuta uso wake kwa kiganja.

"Uliona jiko pale chumbani kwake?" aliniuliza. "Anapikia wapi?"

Sikuona jiko. Niliona birika ya umeme na mkate.

"Lipo, mama," nikamwambia. "Lipo nyuma ya mlango."