Aliyekuja Kupiga Ndege

Siku ya kwanza alipomwona, mlinzi wa mabwawa ya maji taka alidhani amepata kesi. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, amevaa mabuti ya mpira yanayofika magotini, alisimama nje ya geti asubuhi na mapema, begi zito begani, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Habari za asubuhi. Nimekuja kupiga ndege."

Mlinzi alikuwa mtu wa haya. Alikuwa na miaka kumi na moja kwenye geti lile na watu aliwajua kwa viatu vyao, maana huko chini ndiko macho yake yalikoshinda. Mkewe alikuwa akimtania kwamba nyumba ikishika moto ataomba radhi kwanza, ndipo aite watu. Lakini kazi ni kazi. Akayaambia yale mabuti:

"Mama, hapa ndege hawapigwi."

"Kwani kuna tangazo?"

"Hakuna. Ila hawapigwi."

"Mimi nawapiga kila mahali. Makaburini nimewapiga, nyuma ya hospitali nimewapiga."

Mlinzi akalitupia jicho begi. "Ukishawapiga?"

"Nawaandika kwenye daftari, narudi nyumbani kunywa chai."

"Na wao?"

"Wanaruka, wanakwenda zao. Ulitaka nao wanywe chai?"

Mlinzi aliomba kuona begi, akitafuta manati. Ikatoka kamera yenye lenzi nene kama chupa ya chai ya lita moja. Hapo ndipo mama alipoelewa mwenzake anamfikiria nini, akacheka mpaka akashika nguzo ya geti.

Mambo hayakuishia hapo. Kwenye daftari la wageni, safu ya sababu ya kuja, mlinzi aliandika kama alivyoambiwa: kupiga ndege. Jioni msimamizi wake akalisoma, akapiga simu akiwaka hasira. "Umemfungulia geti mtu mwenye bunduki?" Mlinzi, ambaye kwenye simu alikuwa bubu kuliko alivyokuwa ana kwa ana, akajibu hapana mara tatu na ndiyo mara moja, na hiyo ndiyo moja ndiyo iliyoharibu. Kesho yake akachomeka maneno "picha za" juu ya mstari, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Mama yule alikuwa mkunga mstaafu. Miaka thelathini na minne alizalisha, na alipostaafu akaona mikono yake imezoea kungoja kitu kitoke, basi akanunua kamera akaanza kungoja ndege. Kila mwaka alikuwa na orodha mpya. Inaanza na sifuri siku ya mwaka mpya, na hata shomoro wa dirishani inabidi apigwe upya. Daftari lake alilichora kama rejista ya wodi ya wazazi: tarehe, saa, jinsia ikijulikana, na safu ya mwisho, hali. Bata mmoja wa mwezi wa pili aliandikiwa, "Hali: hasira."

Masharti yake yalikuwa mawili tu. La kwanza, jicho la ndege lionekane kwenye picha. Mgongo si ndege, mkia si ndege. "Jicho lisipoonekana, sihesabu," alisema, na alikuwa akifuta picha nzuri kabisa huku mlinzi akizisikitikia. La pili, ndege awe amekuja kwa hiari yake. Wa kuitwa kwa chakula hakuingia. Kuna njiwa aliyedonoa kipande cha mkate kilichomdondoka mama mwenyewe, na njiwa huyo hakuandikwa mpaka wiki nyingine alipoonekana juu ya paa, ana njaa zake.

Kwa miaka sita hakuwahi kuvuka tisini na nne. Mwaka huu alitaka mia, na aliitaka kabla majira ya machipuo hayajaisha, kwa kuwa binti yake alikuwa anamhamishia kwake, mji wa mbali, ghorofa ya nane, akae na wajukuu. Alikwisha kubali. "Huko nitapiga nini?" alimuuliza mlinzi. "Lifti?" Ndiyo maana alikuja mabwawani. Alisikia kwamba ndege wasafiri hushuka pale kwa wingi miti inapotoa majani, harufu wala haiwashughulishi. Mafundi wa pampu wakamwita Bi Mia, mbele yake na nyuma yake.

Asubuhi baada ya asubuhi alipita getini, na mlinzi, akishasoma kipimo cha maji na kufunga geti, alimfuata kwa mbali kidogo akimbebea ndoo ya kukalia. Mama alikaa mbele ya matete akiyaongelesha kama yuko wodini.

"Toka, mama, usiogope. Kichwa kwanza. Mabega yatafuata yenyewe."

Na kweli, mara kichwa kikatokeza, mara mdiria mzima, bluu tupu.

"Umeona? Hakuna aliyewahi kubaki ndani."

Alimtaka mlinzi amwite dada. "Mama nimeitwa na mji mzima. Wewe una mvi kama mimi, niite dada." Mlinzi akaona dada ni mazoea mno, na mama amekatazwa, ikawa hamwiti kitu. Akitaka kumwonyesha ndege alikohoa. Kikohozi kimoja kushoto, viwili kulia. Mpaka mwezi wa nne vikohozi vyake vilikuwa vimeingiza ndege kumi na mmoja kwenye daftari, na mkewe akataka aende akapimwe kifua.

Ikabaki wiki moja ahame, na orodha imesimama tisini na tisa. Siku ya Jumatatu hakuna mgeni. Jumanne hakuna. Mama akaanza kunyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha mlinzi kuliko simu ya msimamizi.

Ukweli ni kwamba mlinzi alikuwa na ndege mmoja moyoni. Mara mbili alimwona alfajiri kwenye majani mafupi nyuma ya nyumba ya pampu, akiwa peke yake kwenye zamu, naye jina halijui. Kumweleza mtu kitu asichokijua jina ilikuwa mlima. Siku ya Jumatano akajikaza. Akakohoa, kisha akaweka kiganja utosini, vidole vikatawanyika, vikakunjwa, vikatawanyika tena.

Mama akamtazama. "Unaumwa kichwa?"

"Ndege," alisema mlinzi, uso unamwaka. "Ana kama kitana. Kinafunguka. Halafu anatembea hivi." Akatembea hatua tatu akidonoadonoa hewa, mtu mzima mwenye sare na filimbi. Fundi wa pampu aliyekuwa mlangoni akaingia ndani kucheka.

"Hudihudi," mama alisema polepole. "Hudihudi, na ulikuwa umekaa naye kimya?"

Alhamisi walimngoja, hakuja. Ijumaa hakuja. Gari la binti lilikuwa linakuja Jumapili, saa tano.

Jumamosi mchana, mama alipokwisha ondoka, mlinzi alichukua jembe akaenda kwenye lundo la majani yaliyooza nyuma ya ghala. Akachimba funza wanene, kopo zima, akawamwaga kwenye yale majani mafupi. Masharti aliyajua vizuri. Alijiambia funza wangekuwepo pale hata bila yeye, ardhi ni yao. Alijiambia pia kwamba hakuna aliyemwona, na hilo lilikuwa kweli.

Jumapili saa moja na robo hudihudi alishuka. Rangi ya udongo wa tofali, mbawa za mistari myeusi na myeupe, kishungi kimefumuka. Kamera ya mama ikalia mara tisa. Ndege akala, akainua kichwa, akawatazama kwa jicho jeusi linalong'aa kama kifungo kipya, akaruka.

Mama akakaa juu ya ndoo, akaandika: mia moja. Hali: ameshiba. Akafunga daftari, akamimina chai kwenye vikombe viwili, akasema kwamba sasa hata ghorofa ya nane wamlete tu. Alikuwa amejaa furaha.

Mlinzi hakuigusa chai yake. Aliyatazama mabuti ya mpira, tope limeyakaukia, yakitikisatikisa ncha kama ya msichana. Angenyamaza tu. Kwa kunyamaza alikuwa bingwa. Akakohoa.

"Wapi?" mama akauliza, mkono kwenye kamera.

"Si ndege." Akaweka kikombe chini. "Dada."

Mama akageuka mzima mzima. Miezi yote hiyo, hiyo ndiyo mara ya kwanza.

"Yule nimemwekea funza. Jana. Kopo zima. Nilitaka upate."

Kwenye bwawa bata wakagombana wee, wakamaliza. Mama akafungua daftari akalitazama.

"Kopo la ukubwa gani?"

"La rangi. La lita moja."

"Kumbe huyu alianzishiwa uchungu," alisema mkunga, akapiga mstari mmoja juu ya mia, taratibu, kwa kutumia ukingo wa kifuniko cha lenzi ili unyooke. Halafu akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka machozi, na mlinzi hakujua ni machozi ya upande gani. "Lita moja, jamani. Mimi sijawahi kupikiwa hivyo."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ungekaa kimya ningekwenda na mia ya bandia ghorofa ya nane, na nisingejua. Tisini na tisa si haba. Kunywa chai, inapoa."

Walikaa mpaka saa tano kasoro, waone kama kuna mwingine atakuja kwa hiari yake. Hakuja. Nje gari likapiga honi. Mlinzi akabeba begi na ndoo mpaka getini, akaandika muda wa kutoka kwenye daftari la wageni, akafungua geti, akasimama pembeni na kuyatazama mabuti kwa mara ya mwisho.

Mabuti hayakwenda. Yaligeuka, ncha zikamwelekea yeye. Alisikia zipu ya begi, kisha lenzi ikizungushwa, na neno la mwisho mkunga alilomwambia lilikuwa hili:

"Inua uso, mdogo wangu. Jicho lisipoonekana, sihesabu."